Nunueni Kitabu Changu, Ila Msiniulize Kinahusu Nini

Kuandika riwaya ya upelelezi ni kazi, lakini kuinadi ni adhabu. Mwenye kuuza shoka huliinua juu akaonyesha makali yake, na hakuna anayemlaumu. Mimi makali yangu yamo katika kurasa 20 za mwisho, na nikimwonyesha mteja kurasa hizo hatakuwa na haja tena ya kutoa fedha yake. Pamoja na hayo, mchapishaji ameniletea ratiba ndefu ya mahojiano, hafla za kusaini vitabu na video za kujirekodi mwenyewe, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa kwamba niwe mchangamfu, niseme mengi, na nisifichue chochote.

Hebu jaribuni nyinyi. Kitabu chako kinahusu nini? Kinahusu kifo. Kifo cha nani? Cha mtu ambaye mpaka sura ya saba wasomaji wanapaswa kuamini kwamba yu hai, kwa hiyo tuliache hilo. Aliuawaje? Hilo ndilo fumbo lenyewe. Kwa nini aliuawa? Nikijibu hapo nimekwisha kumtaja muuaji, kwa maana miongoni mwa watuhumiwa wangu wote mwenye sababu hiyo ni mmoja tu. Mwisho wake hujikuta nikisema kwa sauti nzito kwamba riwaya yangu inahusu usaliti, tamaa na siri za ukoo, maelezo yanayoweza kufaa kikao chochote cha mirathi.

Watangazaji nao wamegawanyika makundi mawili, na sijui lipi ni afadhali. Kuna wale ambao hawajakifungua kitabu kabisa. Mmoja wao, zikiwa zimebaki sekunde chache kipindi kiishe, aliniomba niwaambie wasikilizaji kwa ufupi muuaji ni nani. Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye akanikazia macho, kalamu mkononi, akisubiri jibu. Kisha kuna wale waliokisoma chote na kukipenda, na hao ndio hatari zaidi, kwa sababu furaha yao haina breki. Mmoja alianza swali lake kwa kusema, “Nilishtuka sana pale tulipogundua kwamba yule daktari,” na mimi nikashikwa na kikohozi kikali kiasi kwamba fundi mitambo alilazimika kuingia studio na glasi ya maji. (Msianze kumshuku daktari. Huenda mtangazaji alitaka kusema kwamba daktari hana hatia. Huenda pia katika kitabu changu hakuna daktari hata mmoja. Hamtapata neno kwangu.)

Ukitafuta mwongozo katika historia ya fani hii, hupati msaada wowote. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitunga amri 10 za kuziandika. Alikataza mizimu na nguvu za kiajabu, akakataza vyumba vya siri zaidi ya kimoja, akakataza mpelelezi kuwa ndiye mhalifu. Amri zake zote zinamwangalia mwandishi akiwa mezani peke yake. Hakuna hata moja inayosema afanyeje mwandishi huyo anaposukumwa mbele ya kipaza sauti. Zaidi ya hapo, amri ya kwanza kabisa inataka mhalifu atajwe mapema katika hadithi ili msomaji atendewe haki, nami nimeitii kama mtoto mwema. Sasa mchapishaji amechukua sura mbili za mwanzo akazitoa bure kwa umma kama kionjo, maana yake ni kwamba muuaji wangu anazunguka katika simu za watu wasiotoa hata senti, na kinachomsitiri ni adabu zake tu.

Jalada ndilo lilinikosesha usingizi. Linaonyesha mtu aliyetupa mgongo, amevaa koti refu, anatembea kuelekea kwenye ukungu. Katika riwaya yangu hakuna koti, hakuna ukungu, na mauaji yanatokea saa sita mchana katika chumba chenye watu wengi wanaosubiri kuhudumiwa. Nilipouliza, nilielezwa kwa upole kwamba wasomaji wa riwaya za taharuki wanamtazamia huyo mtu wa koti, na wasipomwona watadhani ni kitabu cha ushauri wa ndoa. Nikakubali. Lakini juu ya mtu huyo wameongeza maneno ya kuahidi mwisho usioutarajia. Ndugu zangu, mtu akishaambiwa kwamba mwisho haukutarajiwa, huanza kuutarajia tangu ukurasa wa kwanza! Hatamwamini tena mjane anayelia wala mlinzi aliyelala, na yule mzee mpole niliyemtengeneza kwa miezi mingi ili asishukiwe na yeyote atakuwa wa kwanza kushukiwa kwa kosa la upole. London kuna tamthilia ya mauaji iliyoandikwa na Agatha Christie, bingwa wa riwaya za upelelezi, ambayo ilianza kuigizwa mwaka 1952, na kwa miaka yote hiyo watazamaji huombwa mwishoni wasiwaambie wengine muuaji ni nani. Wao huwaomba watu wanyamaze baada ya kuona. Mimi nimepata watu wanaopiga kelele kabla kitabu hakijafunguliwa.

Huyo Christie, kwa kweli, ndiye ninayemwonea wivu, na si kwa mauzo peke yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1926 alitoweka kwa siku 11, polisi na watu wa kujitolea wakamsaka porini, magazeti yakajaa picha yake, mpaka akapatikana katika hoteli moja mjini Harrogate akitumia jina la mtu mwingine. Yalikuwa mambo ya huzuni ya nyumbani kwake, wala sifanyi mzaha na huzuni ya mtu. Ninachosema ni kwamba mimi nikitoweka siku 11, mchapishaji atanitumia ujumbe wa kunikumbusha video ya Jumatano, na shemeji yangu atauliza kama kabla ya kutoweka niliacha nakala yake ya bure.

Shemeji hajasoma kitabu, lakini amesikia kwamba maiti ina kipara na inapenda kukopa, na tangu hapo hanisalimu vizuri. Mama mkwe anasema amejitambua katika mwanamke mwenye busara wa sura ya tatu. Sikumwambia kwamba mwanamke huyo hafiki sura ya nne. Mke wangu ndiye mwenye akili. Christie alizijua sumu kwa kufanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo akiulizwa alikuwa na jibu la heshima. Mimi elimu yangu yote nimeipata kwenye intaneti, usiku wa manane, kwa maswali ambayo mtu mwema hawezi kuyaeleza. Mke wangu ameyapiga picha yote, akamtumia dada yake ayatunze, na sasa chai yake anajimiminia mwenyewe.

Nilidhani kwamba hafla ya kusaini ingekuwa nafuu, kwani pale angalau mtu huandika jina lake tu na kutabasamu. Kumbe ndiko wanakokutana mabingwa. Katika riwaya zake za upelelezi, Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, rafiki aitwaye Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kushangaa kwa niaba yetu sote tusioona mbali. Miongoni mwa wasomaji wangu hakuna anayekubali kuwa Najum. Wote ni Bwana Msa, wamebakiza kiko tu. Kila anayefika mezani hutangaza kwa sauti kwamba alimjua muuaji tangu ukurasa wa 10, kisha humtaja kwa jina lake kamili mbele ya foleni nzima ya watu ambao bado wameshika pochi zao. Nimewaona kwa macho yangu watu wawili wakirudisha kitabu mezani taratibu, kwa heshima, na kwenda zao. Kwenye mitandao ni vilevile, isipokuwa yule aliyenipa nyota moja kwa sababu kifurushi chake kilifika kimelowa. Huyo sina ugomvi naye, kwa kuwa hakufichua kitu.

Lakini pigo la mwisho lilitoka kwa mchapishaji mwenyewe. Sura ya mwisho ya riwaya yangu inamwacha mpelelezi ukingoni mwa paa, mkono mmoja umejeruhiwa, na msomaji hapaswi kupumua mpaka ajue kama ataanguka. Sisemi kwamba anaanguka. Sisemi kwamba haanguki. Nilipofungua nakala za kwanza zilizotoka kiwandani, nikakuta kwenye jalada, chini ya jina langu, wameandika: “Kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu sita.” Nilipiga simu nikiwa natetemeka. Nikamweleza kwamba mwandishi ana haki ya kumuua mpelelezi wake, na kwamba Arthur Conan Doyle alimtosa Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji mwaka 1893. Akanijibu kwamba anaikumbuka sana habari hiyo, na kwamba mwaka 1903 Holmes alirudi mzima wa afya kwa sababu wasomaji walimtaka. Kisha akaniuliza, bila hata kubadili sauti, kama mpelelezi wangu anaweza kuanguka, akazikwa kwa heshima zote, na kuwa amepona kufikia mwezi wa sita, kwa kuwa jalada la kitabu cha pili tayari limeshachorwa na amekwisha kuvalishwa koti.