Kumnunulia mzee kitabu cha Mwambao

Babangu ni wa Mwambao mpaka leo, yaani anaamini ule ukanda wa pwani wa maili kumi haungefaa kuingizwa Kenya, mimi naona kuingia ilikuwa sawa, sasa nataka kumnunulia kitabu cha historia na nimekwama kweli.

Nikimpelekea kitabu kinachosema Mwambao zilikuwa kelele za matajiri wa Mji wa Kale, Mombasa, atakiweka juu ya kabati na hatakigusa. Na simlaumu manake hoja anayo: kwa mkataba wa 1895 Muingereza aliutawala ukanda kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar na akimlipa kila mwaka, bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mpaka 1963, alafu Oktoba mwaka huohuo Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakamalizana kwa barua. Ndio, kamishna Robertson alikuja 1961 kusikiliza watu kuhusu huo ukanda, lakini kusikilizwa si kupiga kura.

Cha kumsifia tu pia sikitaki. Hapo Mijikenda, wenyeji wengine wa pwani, wako wapi? Ngala na chama chake cha KADU walitaka majimbo, yaani mikoa ijitawale ndani ya Kenya, hawakutaka Sultani. Na kuna ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, mtu alitakiwa aje adai shamba lake, Waarabu na Waswahili wakadai, Mijikenda wengi wakabaki bila hati na mpaka leo kuna watu wanaitwa maskwota kwenye ardhi walikozikwa babu zao. Mzee haya hapendi kuyasikia, na ndiyo hasa ningetaka ayasome, kama vile mimi nilivyohitaji kusoma ahadi za zile barua za 1963, mahakama za Kadhi, hati za mashamba, Kiarabu mashuleni, ndio nikaacha kumuona ni mtu wa kuota tu.

Kwa hivyo mimi naegemea kitabu chenye mikataba na barua zenyewe ndani, aone kwa macho yake asihukumiwe na mwandishi. Ubaya wake, karatasi hizo ziliandikwa na wakubwa, Mgiriama, Mijikenda wa Malindi aliyefukuzwa shambani hasikiki humo, itabidi nitafute na kingine chenye masimulizi ya wazee wa huko. Alafu Kiingereza cha kisheria kinamchosha macho. Hicho nitamsomea mimi, jioni barazani baada ya laasiri, nikitafsiri, na tukifika 1908 siruki.