Ini lililowahi kupitiwa na hepatitisi B: lipokewe?

Tuseme mgonjwa wa Malindi ini lake limesinyaa, na jamii imechanga gharama za kwenda India, ambako Wakenya wengi hupandikiziwa ini. Aliyejitolea ni mdogo wake. Damu zao zinapatana, na ukubwa unatosha: pande linalotolewa lisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa mpokeaji, yaani gramu 560 kwa mtu wa kilo 70. Kisha yanakuja majibu: HBsAg (alama kwamba kirusi kipo mwilini sasa) hasi, lakini kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi cha hepatitisi B, homa ya ini, zimeonekana. Kijana aliwahi kuambukizwa, huenda utotoni, akapona bila habari.

Wanaosema likataliwe wana hoja nzito. Mtu hupona, lakini kirusi huacha vinasaba vyake ndani ya seli za ini, vikiwa vimelala. Kinga ya kijana ndiyo inayovibana. Ini likihamia kwa mtu anayemeza takrolimasi na steroidi, dawa za kufifisha kinga ili mwili usilikatae ini, kile kilichovibana hakipo tena. Mpokeaji ambaye hajawahi kuambukizwa wala kuchanjwa, akiachwa bila dawa, uwezekano wa kuamka kwa hepatitisi B hukaribia nusu.

Hata hivyo hesabu hiyo ni ya mtu asiyepewa dawa. Akimeza kidonge cha kuzuia kirusi kila siku, hatari hushuka hadi asilimia chache. Na ukiwakataa wote wenye alama hii Afrika, ambako B imeenea, wagonjwa wengi watakufa wakimngojea mtoaji asiye na doa. Isitoshe, B yenyewe ni miongoni mwa sababu kuu za ini kusinyaa na za saratani ya ini. Mpokeaji ambaye tayari ana B atameza dawa hizo maisha yake yote hata akipewa ini safi. Huyo ndiye wa kwanza kupewa ini kama hili. Asiye na kinga yoyote awe wa mwisho.

Kwetu sisi, uzito uko kwenye kidonge. Kimoja, entekaviri, ni miligramu 0.5 kwa siku, tumbo likiwa tupu: muda wa saa mbili baada ya chakula, na mbili nyingine kabla ya kula tena. Mwezi wa Ramadhani, baina ya futari, chakula cha usiku na daku, nafasi hiyo ni finyu na lazima ipangwe na daktari. Kingine, tenofoviri ya miligramu 300, haibani hivyo na inafahamika hapa kwa sababu ya dawa za VVU, ila huumiza figo, na takrolimasi nayo huziumiza; kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ipimwe mara kwa mara.

Sasa mfikirie mpokeaji wa Kizingitini, kisiwani Pate. Apande mashua hadi Amu, avuke hadi Mokowe, bara, ndipo ashike barabara, na kusi ikivuma safari huahirishwa. Dawa ya mwezi mmoja mkononi haimtoshi. Awe na ya miezi mitatu. HBsAg na wingi wa kirusi kwenye damu vipimwe kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Kosa la hatari hutokea hapa: vimeng'enya vya ini vinapanda kwenye damu, inadhaniwa mwili unakataa ini, anaongezewa steroidi, na kirusi kinazidi kunawiri. Kipimo cha B kitangulie steroidi.

Kwa maoni yetu, ini la kijana lipokewe ikiwa ugavi wa kidonge umehakikishwa kabla ya tikiti kukatwa. Ikiwa haujahakikishwa, na yupo ndugu mwingine anayefaa, achukuliwe huyo. Vyovyote iwavyo, mpokeaji asiye na kinga aanze chanjo mapema, miezi 0, 1 na 6, kwa sababu mwenye ini lililosinyaa sana huitikia chanjo kwa udhaifu.