Karanga za 1994 bado zinanidai

Hivi jamani kosa la mtoto wa kidato cha pili linafutwa baada ya miaka mingapi? Nauliza kwa nia nzuri tu, maana mimi langu la mwaka 1994 bado linatembea humu ndani kwangu kama mpangaji asiyelipa kodi.

Jumapili dada angu kashuka kwenye basi kutoka Urambo, galoni la asali mkono huu, kiroba cha michembe mkono huu, hata maji hajanywa, kamkuta mke wangu barazani anachambua karanga za mbegu, basi kacheka mpaka kashika nguzo. "Wifi, hizo umezihesabu?" Nikajua leo nimekwisha.

Iko hivi. Tulisoma shule moja hapa hapa Tabora, yeye kidato cha nne mimi cha pili, wote klabu ya kilimo. Yeye aliingia kwa mapenzi, mimi niliingia kwa sababu wanaklabu walikuwa wanasamehewa kuosha vyoo. Novemba mvua za kwanza zimeshuka mwalimu wa kilimo kaleta karanga zilizobanguliwa, nusu debe, nyekundu zinang'aa, na kamba ya mafundo, sentimita 50 mstari kwa mstari, 10 shimo kwa shimo, punje moja moja. Na sisi kule bweni tunalishwa ugali na maharage yenye wenyeji wake humo humo. Yule mzee alitujua, akasema mkipanda mnaimba, nisikie midomo, maana mtu anayeimba atatafuna saa ngapi?

Ila alisahau kwamba wimbo una kiitikio. Anayeongoza ndo mwenye maneno, sisi huku nyuma ni "mmmh, mmmh" midomo imefungwa, sasa humo ndani kuna nini nani atajua, na nikwambie ukweli hakuna kwaya iliyowahi kuitikia kwa hisia kama sisi siku ile, mwalimu mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Usiku matumbo yakaitikia yenyewe, lakini hilo tuliache.

Wiki mbili baadaye mistari ya kina dada kijani tupu, yetu minne utadhani pamesawazishwa pachezwe gwaride. Mwalimu kalaumu panya, kalaumu kanga wa porini, afu kachuchumaa anafukua na kidole, shimo la kwanza, la pili, mpaka la kumi, hakuna hata ngozi ya karanga. Na nani aliyefungua mdomo? Dada angu wa tumbo moja. "Mwalimu, hawa waliitikia sana." Vyoo niliosha mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka.

Sasa mimi nikijitetea naleta historia. Waingereza si walikuja hapo hapo Urambo na mradi wao wa karanga kuanzia 1947? Na Kongwa na Nachingwea huko, wana mabuldoza, wana mpaka vifaru vya vita walivigeuza matrekta, mamilioni ya pauni yakateketea, 1951 wakafunga virago karanga za maana hakuna. Kuna mtu anawazomea kwenye sherehe za ukoo? Urambo wakahamia tumbaku, maisha yakaenda. Mimi mistari minne tu, miaka thelathini na ushee! Nikamwambia dada hivyo hivyo mbele ya watoto, nikaona nimemuweza. Kalamba asali kidoleni taratibu, kasema, "Waingereza angalau walipanda."

Toka siku hiyo sina heshima. Nikiuliza nani kamaliza sukari, najibiwa "mmmh, mmmh" kutoka vyumba vitatu.

Jana tumeenda kupanda kishamba chetu Ipuli. Mbegu kabeba mke wangu, kazifunga kwenye khanga kiunoni, ananipimia kiganja kwa kiganja kama dozi ya malaria. Nimeinama zangu, mgongo unawaka, nimenyamaza. Kitinda mimba wangu wa darasa la nne anafukia nyuma yangu, mara kasimama.

"Baba, mbona huimbi?"

Nikaona yaishe, nikaanza kuguna guna kidogo.

"Maneno baba, siyo kiitikio."