Tunanunua silikoni, tunakataa kulipia muda

Gari la otomatiki likianza kudondosha haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, hapa Arusha dawa yake inajulikana: silikoni. Fundi anashusha sampo ya gia boksi, lile bati la chini linaloshika mafuta, anapaka gundi nene kuzunguka ukingo wote, anakaza bolti mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na jioni hiyo hiyo mwenye gari anaelekea Usa River. Baada ya majuma machache doa jekundu limerudi pale pale linapolala gari. Linarudishwa gereji, na safari hii silikoni inaongezwa maradufu.

Lawama zote humwangukia fundi, na mimi naona tunamwonea. Fundi wa mtaa wa Unga Limited analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Gari likilala juu ya stendi zake, limekalia nafasi ya mteja mwingine. Na sisi wenye magari tunasimama pembeni na simu mkononi, tunauliza kama bado, tuna safari ya Moshi leo leo. Anachoweza kufanya ni nini? Anaweka silikoni mahali palipohitaji muda, kwa sababu silikoni tunakubali kuilipia na muda tunaukataa.

Muda unaenda wapi? Sehemu kubwa unakwenda kwenye kusubiri gia boksi imalize kudondosha. Ukishusha sampo, haidroliki iliyobaki ndani inaendelea kutoka tone moja moja kwa masaa. Unafuta ukingo wa juu, unageuka kuchukua gundi, ukirudi umeshalowa. Silikoni haishiki kwenye mafuta hata ukipaka kilo nzima. Gereji inayofanya kazi hii vizuri huliacha gari jioni likiwa wazi na karai chini, na asubuhi ndipo usafi unaanza: gasketi ya zamani, yaani kile kipande kinachoziba kati ya sampo na gia boksi, inakwanguliwa taratibu bila kuchana aluminiamu, kisha kingo zote mbili, wa sampo na wa gia boksi, zinafutwa kwa dawa ya kusafishia breki. Petroli, ambayo ndiyo iko karibu na kila fundi, huacha utando wake.

Hapo hapo zitazamwe sumaku ndogo zilizokaa ndani ya sampo, chini kabisa. Kazi yake ni kunasa unga wa chuma. Unga laini kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha, habari ya kuvuja iweke kando, una kesi kubwa zaidi.

Halafu kuna kukaza, na hapa mafundi nao wanabeba sehemu yao. Sampo ni bati jepesi lililoshikwa na bolti ndogo, nyingi za spana namba 10. Vitabu vya watengenezaji kwa kawaida huzipa nguvu ya kukaza ya kati ya niutoni mita (Nm) 7 na 12, kutegemea gari. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi ni Nm 103. Mkono uliozoea nati za tairi ukishika bolti ya sampo, bati linazama kuzunguka kila tundu na kuinuka katikati ya tundu na tundu, mithili ya bati la paa. Sasa pale palipoinuka ndipo panapovuja, fundi anaona tone, anakaza tena, bati linazama zaidi. Bolti nazo zinaingia kwenye aluminiamu, ambayo ni laini, na uzi wa tundu ukishalika hapo gharama inabadilika kabisa. Bolti zikazwe kwa kuvushana, moja upande huu na inayofuata upande wa pili, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa mizunguko miwili au mitatu. Sampo iliyokwisha kupinda haihitaji gundi nene, inahitaji ubao bapa na nyundo ya adabu kuzunguka matundu, kisha rula iliyonyooka ipitishwe ukingoni kuona kama mwanga unapenya.

Silikoni yenyewe si adui. Kuna gia boksi ambazo kiwanda kiliamua zifungwe kwa gundi bila gasketi yoyote, na zinakaa miaka. Ila huko hupakwa mstari mwembamba wa gundi wa milimita chache, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, bila kukatika. Ukizidisha, ziada inabinywa pande zote mbili. Ya nje unaiona, na baadhi ya wateja huiona ndiyo ishara ya kazi imara. Ya ndani inaning'inia kwenye haidroliki ya moto mpaka inakatika, inakwenda kwenye filta, au inaingia kwenye njia nyembamba za valvu, na gari linaanza kuchelewa kushika gia. Kuna watu wameuziwa gia boksi nzima kwa kosa la tyubu moja ya gundi.

Kibaya kuliko hicho ni kupaka silikoni juu ya gasketi ya mpira. Mpira unatakiwa ukae mkavu. Ukiulainisha kwa gundi unateleza unapobanwa, unachomoza nje kati ya bolti, na umeharibu gasketi nzima uliyoinunua. Kwa magari yaliyojaa hapa mjini, kama Noah na IST, gasketi si kitu cha kutafuta kwa tochi, na ikiwekwa kavu gari linaweza kujazwa haidroliki na kuondoka siku hiyo. Silikoni huganda kwa kunywa unyevu wa hewani, kutoka nje kuelekea ndani, na tyubu nyingi zimeandikwa masaa 24. Baridi ya Julai hapa Arusha inaiburuza zaidi kuliko joto la Moshi. Kwa hiyo anayetaka gari leo ndiye hasa asiyepaswa kuomba silikoni.

Na kabla ya yote hayo, gari lioshwe chini. Sampo iko chini kuliko vyote, kwa hiyo inasingiziwa kila kitu: sili ya shafti ya tairi, mipira ya kwenda kwenye rejeta, hata haidroliki iliyojazwa kupita kiasi ikatokea kwenye tundu la kupumulia. Vumbi la barabara zetu likichanganyika na mafuta hayo, chini kote kunakuwa tope jeusi lisilosema limetoka wapi. Osha, endesha siku moja, kisha laza gari juu ya boksi lililokunjuliwa na uchungulie kuanzia juu kushuka.

Binafsi nalipia usiku wa pili gerejini bila kunung'unika, na fundi nikimwambia hivyo mwanzoni, ananyanyua hata aina ya vifaa anavyovitoa. Haidroliki yenyewe ni ghali kuliko usiku huo.

Jambo moja la kumkatalia: akisema rudi wiki ijayo tukaze tena. Kwa gasketi ya koki, ile ya gamba la mti kama kizibo cha chupa, anaweza kuwa na hoja, kwa sababu koki hubonyea, na atakaza kwa kiwango kile kile cha mwanzo. Kwa silikoni iliyokwisha ganda, kuikaza ni kuikata. Kama inavuja, ishushwe yote na kazi ianze upya kwenye usafi.