Kiti cha Bodi ya Shule Kipigiwe Kura

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, lakini hapa mtaani Umoja, Nairobi, kuta zimeshaanza kujaa nyuso. Anayetaka udiwani amenunulia timu ya mtaa jezi, anayetaka ubunge hakosi matanga. Wazazi wenzangu wanawajua wote kwa majina, na ndani ya matatu wanabishana juu yao mpaka makanga anaingilia. Sasa waulize ni nani anayeketi kwa niaba yao kwenye bodi ya shule anakosoma mtoto wao. Utaambiwa, "Si kuna yule mzee wa kofia?"

Mimi nagombea kiti hicho hicho ambacho mwenyewe hajulikani. Nataka kuwa mwakilishi wa wazazi wa gredi ya saba, na nikipita hapo, niingie BOM, yaani bodi ya usimamizi ya shule. Naomba kura, ndiyo, lakini kwanza naomba huo uchaguzi wenyewe uwepo.

Kwa maana tunachokifanya sasa hakistahili kuitwa uchaguzi. Mkutano unaitwa Ijumaa saa nne asubuhi, wakati mwenye kibanda yuko kibandani na mwenye kibarua yuko Industrial Area. Waliofika wanakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Mwalimu mkuu anazungumzia sare, kuchelewa, simu na wazazi wasiosaini daftari, saa nzima. Jua likishakuwa kali ndipo anasema, "Tumalizie na jambo dogo la wawakilishi." Sauti inatoka mstari wa mbele: "Napendekeza yule baba mwenye gari, hatachelewa mikutano." Mwingine: "Naunga mkono." Makofi. Darasa linalofuata! Yule baba mwenye gari hakuulizwa hata swali moja, na sijui kama wote waliompigia makofi wana watoto kwenye darasa hilo. Kisha sala ya kufunga.

Hilo jambo dogo limeandikwa kwenye sheria ya nchi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi viti sita vya kuchaguliwa kwenye bodi ya usimamizi. Mdhamini, ambaye mara nyingi ni kanisa, ana vitatu. Walimu wana kimoja, bodi ya elimu ya kaunti kimoja, makundi maalumu kimoja na wenye mahitaji maalumu kimoja. Wanafunzi nao wana mwakilishi wao. Mwalimu mkuu ni katibu. Hakuna kundi linalotuzidi kwa wingi mle ndani, na bado tunatoka mikutanoni tukinung'unika kwamba "shule imeamua".

Na kabla hujakimbilia kwa diwani: shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Katiba imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Diwani anayekuahidi kwamba atamhamisha mwalimu mkuu anakupiga chenga tu. Hata bodi haina uwezo wa kumfuta mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Ila bodi ndiyo inayoajiri mlinzi na mpishi, inayoamua kesi za nidhamu, inayopokea fedha za shule na kuzitolea hesabu.

Hapo kwenye fedha ndipo nataka tukae kidogo. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, ilipoanza Januari 2023, ikawekwa ndani ya shule hizo hizo za msingi, mgao wake ukapangwa kuwa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi. Piga hesabu. Shule yenye watoto 1,000 wa msingi na 300 wa sekondari msingi, kwenye karatasi inastahili shilingi 1,420,000 pamoja na 4,512,600. Ni kweli fedha hizo huchelewa, na walimu wakuu hulia kila muhula kwamba zimefika pungufu. Sawa. Zimefika ngapi? Zilizofika zimenunua nini? Mama anayeweza kukutajia kila mchango wa chama chake cha akiba tangu Januari, na faini ya kila aliyechelewa, anaketi kwenye mkutano wa shule akisikiliza mamilioni yakisomwa kwa dakika mbili, na haulizi kitu.

Nje ya mgao huo kuna vile vichango vyetu. Hela ya motisha ya walimu, hela ya karatasi za mtihani, hela ya mwalimu aliyeajiriwa na bodi, hela ya mlinzi. Unatuma kwa simu ya mtu, unabaki na ujumbe wa M-Pesa. Sheria ile ile, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, mtoto asizuiwe kusoma kwa kukosa kuyalipa, na anayelipa apewe risiti rasmi. Risiti! Mara ya mwisho kuona risiti ya hela ya motisha ni lini?

Halafu kuna ardhi. Januari 2015, watoto wa Lang'ata Road Primary walirushiwa vitoa machozi wakiandamana kudai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Nchi nzima iliona zile picha. Kwa hiyo nikiketi kwenye bodi, mojawapo ya maswali yangu ya kwanza litakuwa: hati ya kiwanja chetu iko wapi, na imeandikwa jina la nani?

Najua kwa nini hatuulizi. Si kwamba wazazi wa huku Eastlands, mashariki ya Nairobi, ni wajinga au hawajali. Mtu anayeacha biashara yake Ijumaa asubuhi anajali. Tunaogopa. Jirani yangu aliniambia waziwazi nilipomwomba aniunge mkono: "Wewe uliza tu, mama, lakini mimi mtoto wangu bado amebakisha miaka mitatu pale." Mzazi mwenye maswali mengi anajua mtoto wake anaweza kuanza kuitwa kwa jina la mzazi, akakosa nafasi kwenye timu, akasimamishwa gwarideni kwa kosa ambalo wenzake wanasamehewa. Huenda halitokei hivyo kila mara, lakini linaaminika, na hilo linatosha kufunga midomo. Sasa mwambie mzazi huyo ainue mkono kumuunga mkono muulizaji, mwalimu mkuu akiwa amesimama hatua tatu mbele yake. Atauinua? Kura ya kuinua mkono inampa ushindi mtu asiyemsumbua yeyote, hata kama nusu ya waliokaa pale wanamtaka mwingine. Karatasi iliyokunjwa inamruhusu mwoga kuwa na maoni.

Kuna wanaosema kazi ya bodi inataka mtu mwenye pesa na nafasi, maana haina mshahara. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Ukitaka watu wa kawaida wahudumu, ita mikutano Jumamosi alasiri. Mwenye gari na mwenye kibanda wote watafika, na nina hakika mwenye kibanda atakagua bei ya mahindi na maharagwe ya jikoni kwa makini kuliko yeyote.

Toronto, alikohamia binamu yangu, wajumbe wa bodi ya shule huchaguliwa kila baada ya miaka minne, siku moja na meya, na majina yao yapo kwenye kura. Sisi hatuhitaji makuu hayo. Tunahitaji tangazo wiki mbili kabla, mkutano wa Jumamosi, ukurasa mmoja wa mapato na matumizi mkononi mwa kila mzazi, dakika tatu kwa kila mgombea, vikaratasi, boksi la katoni, na kura zihesabiwe mbele ya watu. Mwalimu mkuu nimeshampelekea ombi hilo kwa maandishi, na nakala yangu imepigwa muhuri wa shule.

Jibu bado. Mkutano ukiitwa Ijumaa saa nne tena, nitafunga duka niende, na kabla jina la kwanza halijapendekezwa nitasimama kuomba karatasi. Wazazi wa gredi ya saba, njooni na kalamu.