Tunaanzisha biashara nyingi, lakini za namna gani?

Mwaka 2014 utafiti wa Global Entrepreneurship Monitor uliiweka Uganda karibu na kilele cha dunia: zaidi ya theluthi moja ya watu wazima walikuwa wanaanzisha biashara, au wana biashara isiyozidi miaka mitatu na nusu. Wengi huchukulia takwimu hiyo kuwa sifa. Mimi inanitia wasiwasi, kwa sababu haisemi ni biashara gani tunazofungua, wala mbona tunazifunga upesi.

Hapa Busia, mpakani na Kenya, nina jirani, mama mwenye akili ya biashara kuliko watu wengi ninaowajua. Kwa muda mrefu alitaka mashine ya kusaga mahindi. Mahindi yapo, na wateja wapo pande zote mbili za mpaka. Alipopata pesa akanunua belo la mitumba, akafungua kibanda cha mobile money, na zilizobaki akanunulia pikipiki, akampa kijana apige boda na kumletea hesabu kila jioni. Nilimuuliza, mashine je? Akanijibu: "Ndugu yangu, mashine ukishaifunga kwenye saruji huwezi kuhama nayo. Nguo, nikiona mambo yamegeuka, nauza hata kwa hasara, wiki moja nimemaliza."

Huo si woga. Ni hesabu ya mtu aliyeona mengi. Julai 2018 tuliamka na kodi ya asilimia 1 kwenye mobile money: ukiweka, ukituma, ukipokea, ukitoa. Kabla mwaka haujaisha ikapunguzwa hadi asilimia 0.5 ya kutoa tu. Februari 2019 mpaka wetu na Rwanda pale Katuna ukafungwa, na haukufunguliwa tena rasmi hadi mwisho wa Januari 2022. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Na shule! Zilifungwa Machi 2020, na zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Wenye shule binafsi, wengine wakiwa wamejenga kwa mkopo wa benki, waligeuza madarasa kuwa maduka. Hao ndio waliothubutu kujenga kitu cha kudumu, na ndio walioumia zaidi. Kila mfanyabiashara aliwaona.

Kwa hiyo nasema mazingira yetu hayamzuii mtu kuanza. Kuanza ni rahisi: meza, mwavuli, mzigo wa kwanza kutoka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Yanamfundisha tu aanze kidogo, aanze vitu vitatu kwa mpigo, na asiweke pesa mahali ambapo hawezi kuitoa haraka. Ndiyo maana barabara moja ina vibanda kumi vinavyouza kitu kilekile, na unga tunasubiri uje na lori.

Semina za ujasiriamali hazitaondoa hilo. Jirani yangu angeweza kuziendesha yeye mwenyewe. Hata Parish Development Model, mpango wa serikali wa kuinua kipato cha kaya uliozinduliwa 2022, unaipa kaya shilingi milioni moja: inatosha kuku au nguruwe, na kwa familia nyingi hilo ni jambo kubwa, lakini mashine ya kusaga hainunuliwi kwa milioni moja. Ukienda benki, riba ya mkopo wa shilingi ni karibu asilimia 18 au 20. Benki nazo zina mteja mwingine asiyewasumbua, yaani serikali, inayokopa humu nchini kwa hati fungani. Kwa nini wahangaike na mama wa Busia?

Ningependa tuanze na jambo moja linalowezekana. Bajeti husomwa Juni, na kodi mpya zinaanza kukatwa Julai mosi. Mwenye duka anapata wiki chache tu, na mwenye kiwanda kidogo aliyekopa kwa miaka mitano anapata wiki hizohizo. Kodi inayogusa biashara itangazwe mwaka mzima kabla, na ikishaanza isiguswe kwa muda unaojulikana. Bunge linaweza kuliandika hilo kwenye sheria, bila kungoja wafadhili wala mkopo kutoka nje.