Utumwa ulikuwa halali kwa nani?

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, likafungwa. Mwaka 1897 Sultani Hamoud akauondolea utumwa uhalali wa kisheria Unguja na Pemba. Leo ni nadra kumpata mtu wa kuutetea hadharani. Je, wazee wetu walikosea, au wao walikuwa na maadili yao na sisi tuna yetu?

Wenye mtazamo wa relativizimu hushika jibu la pili: wema na uovu hupimwa kwa mizani ya jamii husika. Hapo tunaelewa kwa nini watu wacha Mungu, wasomi wa dini, walimiliki binadamu wenzao bila kujiona waovu. Lakini jamii hiyo ni nani? Watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba wakaenda kujificha Witu na Fuladoyo, pwani ya Kenya ya leo, walikuwa wanajamii vilevile, na hawakungoja sultani atie saini. Kwa mizani hiyo, mtoro ndiye aliyekosa. Hilo mimi silimezi.

Wanauhalisia, wanaoamini kwamba ukweli wa kimaadili upo hata jamii isipouona, wanasema utumwa ulikuwa uovu tangu mwanzo, watu wakachelewa tu kuuona. Mwanafalsafa J. L. Mackie aliwapinga mwaka 1977: watu huyasifu maisha wanayoyaishi, wala hakuna ukweli wa kimaadili unaowangoja huko nje. Historia yetu inampa nguvu. Amri ya 1897 iliwafidia mabwana, si watumwa, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Kama ukweli ulikuwa umeonekana, mbona ulionekana nusu? Mwanauhalisia atajibu kwamba maslahi hupofusha; karafuu zilitaka wachumaji. Sawa, lakini Waingereza nao walikuwa na maslahi yao, tena ya kutawala. Tutajuaje kama walifumbuka macho au hesabu zao ndizo zilizobadilika?

(Mwanafalsafa mwingine, A. J. Ayer, mwaka 1936, alidai kwamba kusema “utumwa ni uovu” ni kutoa hisia tu. Mtoro angemshangaa.)

Naegemea uhalisia, ila shahidi wangu ni mtoro, si balozi wa Kiingereza: aliyeonja jambo hulijua kuliko aliyelisikia. Hata hivyo, pwani hii walikuwapo watumwa waliomiliki watumwa wao. Hao walionja, na bado wakanunua. Ukisema nao walipofushwa na maslahi, nitakuuliza ni nani basi aliyebaki na macho.